Unahama nchi Ulaya na gari lako? Anza na makaratasi

Hapa Mombasa karibu kila nyumba ina mtu Ulaya, dada kaolewa Ujerumani, binamu yuko Italia, na hawa ndugu zetu nao hawatulii, leo yuko Hamburg kesho kapata kazi Rotterdam, halafu simu inapigwa nyumbani, gari nalifanyaje? Sisi watu wa bandarini tukisikia gari limehama nchi akili inakimbilia Kilindini, meli, klia, KRA, storeji inapanda kila siku. Futa hiyo kwanza. Ukihama toka nchi ya Umoja wa Ulaya kwenda nyengine ya Umoja huohuo hakuna forodha wala ushuru wa kuingiza, unaendesha tu gari lako unavuka mpaka kama mtu atokae Mombasa kwenda Voi. Kazi iko kwenye usajili, na usajili una tarehe zake.

Utaambiwa na watu ati una miezi 6 ya kusajili. Usiegemee hapo, manake kila nchi ina hesabu yake. Ufaransa wanataka ndani ya mwezi 1, Italia ni miezi 3 toka ujiandikishe kama mkaazi, Ireland ndo wakali zaidi, ndani ya siku 7 uwe ushachukua miadi ya kukaguliwa gari na ndani ya siku 30 liwe limesajiliwa. Kwa hivyo ukishajua unahamia wapi, ingia tovuti ya serikali ya nchi hiyo usome mwenyewe, mambo ya kuulizana kwenye magrupu ya WhatsApp yaache kidogo.

Sasa kodi. Nchi nyengine zina kodi ya kusajili gari na hiyo ndo inaumiza, Denmark kwa mfano kiwango chake cha juu kinafika asilimia 150, yani kwa gari la bei kubwa kodi yaweza kuizidi thamani ya gari. Lakini anayehama na maisha yake nchi kadhaa humsamehe kwa masharti. Uholanzi kodi yao yaitwa BPM, Ireland ni VRT, na zote mbili zinataka gari uwe umelimiliki na kulitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama, halafu ukishasamehewa usiliuze miezi 12. Ukiliuza kabla, wanakudai. Na ule mtindo wa kununua gari wiki mbili kabla ya kuhama ili ufike nalo zuri, achana nao, msamaha hupati, tena gari lenye umri chini ya miezi 6 AU lililotembea chini ya kilomita 6,000 lahesabiwa jipya na VAT yake unalipa kule unakokwenda.

Ushahidi wa hiyo miezi 6 ya kumiliki gari ni makaratasi, kwa hivyo usitupe kitu. Risiti ya kununulia, bima ya zamani, bili ya stima ya nyumba uliyohama, mkataba wa kazi, vyote weka faili moja. Karatasi ya usajili beba ya asli, na kama watoka Ujerumani kumbuka ziko mbili, Teil I na Teil II, wengi wanakwenda na ile ya kwanza tu wanarudishwa. Halafu kuna COC, cheti cha kiwanda kinachosema gari limetengenezwa kwa viwango vya Ulaya. Kama huna, iombe kwa kampuni iliyotengeneza gari ungali kule kule, usingoje mpaka umefika, manake tarehe zinakimbia na wewe unangoja posta.

Uingereza ni habari nyengine kabisa, ilishatoka Umoja wa Ulaya. Toka tarehe 1 Januari 2021 forodha imerudi, kwa hivyo ukihamia huko unaomba msamaha wa mhamiaji kwa HMRC, idara yao ya kodi na forodha, kupitia fomu ya ToR1, unawajulisha kuhusu gari kwenye mfumo wa NOVA ndani ya siku 14 toka lifike, ndo unakwenda DVLA, ofisi yao ya magari, kusajili. Na gari lenyewe lataka kurekebishwa, taa za mbele zisiwapofue wanaokuja, spidomita isome maili, taa ya ukungu ya nyuma iwe upande wa kulia au katikati. Usukani wabaki kushoto, wanakubali, lakini mie naona kama ni gari kuukuu liuze tu huko ulipo. Uswisi pia iko nje ya Umoja, forodhani wanajaza fomu 18.44 ya vyombo vya nyumbani na gari lina fomu yake, 13.20 A.

Na kama mwisho wa safari ni kurudi nyumbani, jua Kenya inataka usukani wa kulia na gari lisizidi miaka 8, kwa hivyo hilo la Hamburg halishuki hapa.

Bima usikate ya zamani kabla hujashika mpya, na omba barua ya kuonyesha miaka uliyokaa bila ajali, kampuni mpya ikiikubali inakupunguzia bei. Ukishapata pleti mpya, nchi mpya yapaswa kuijulisha ile ya zamani, lakini hakikisha mwenyewe gari limefutwa kule, uwe na karatasi mkononi, la sivyo kodi ya barabara inaendelea kukuandama kwa gari ambalo haliko.