Kumchagulia mtoto shule ya kati katika Kaunti ya Kandiyohi, Minnesota

Karibu kila familia inayohamia Willmar kufuata kazi ya kiwandani huniuliza swali hilihili: shule ipi ni nzuri? Wengi wanapouliza wameshapekua simu, wameona shule moja imepewa alama 7 na nyingine 3, na moyoni wameshaamua. Nawaomba msiamue hivyo, maana alama ile haimjui mtoto wenu.

Shule ya kati huchukua watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi, kwa kawaida darasa la sita hadi la nane. Mkenya aifikirie Junior School aliyoiacha nyumbani. Mtanzania achukue darasa la sita na la saba, kisha aunge kidato cha kwanza. Mtoto hupangiwa darasa kwa umri, hata kama katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikosa miaka miwili ya masomo. Kwa hiyo jambo la kulinganisha ni hili: shule ipi itamchukua mtoto pale alipo na kumsogeza mbele?

Kandiyohi ni kaunti ya mashamba na maziwa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao 43,700, karibu nusu yao wakiishi Willmar, mji wa nyama ya bata mzinga. Shule ya kati ya Willmar ina darasa la 6 hadi la 8, na ndani yake utasikia Kisomali na Kihispania. New London-Spicer, upande wa kaskazini, ni ndogo zaidi na huanzia darasa la 5. Pembezoni kuna wilaya za shule, yaani maeneo ambayo shule zake zina uongozi mmoja, zinazovuka mpaka wa kaunti, kama ACGC na MACCRAY. MACCRAY ilianza kufundisha siku nne kwa wiki mwaka 2008. Ukisikia shule ya siku nne, jiulize siku ya tano mtoto atashinda na nani wakati nyote mko zamu.

Sasa tuje kwenye matokeo. Kila mwaka watoto wa darasa la 3 hadi la 8 hufanya mtihani wa jimbo uitwao MCA wa kusoma na hesabu, na darasa la 8 huongezewa sayansi. Asilimia ya waliofaulu hutangazwa kwenye tovuti ya Idara ya Elimu ya Minnesota, lakini kwa kiasi kikubwa inakuonyesha watoto walioingia pale ni wa akina nani. Shule yenye wageni wengi wanaojifunza Kiingereza itaonekana chini hata kama walimu wake wanafanya kazi kubwa. Tafuteni sehemu inayoonyesha maendeleo, yaani watoto wamepanda kiasi gani tangu mwaka uliopita, kisha muangalie mahudhurio. Halafu tafuteni kundi la wanaojifunza Kiingereza. Hao hupimwa kila mwaka kwa mtihani wa ACCESS, wenye alama 1 hadi 6, katika kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Shule ndogo huenda isiwe na takwimu hizo, kwa sababu kundi dogo mno hufichwa ili mtoto asijulikane. Hapo itabidi mkaulize wenyewe: mwalimu wa Kiingereza kwa wageni yupo kila siku, au hugawana siku zake na shule nyingine?

Hesabu ndiyo inayoniuma zaidi. Mpwa wangu alipofika kutoka Mwanza, shule moja, si lazima niitaje, ilimweka kundi la chini kabisa la hesabu, kwa kuwa maswali ya kumpima yalikuwa hadithi ndefu za Kiingereza. Dada yangu alikuwa amempakia madaftari yake ya nyumbani, yamefunikwa gazeti. Tukamfungulia mwalimu kurasa za sehemu na milinganyo, wino mwekundu wa vema umejaa pembeni. Mwalimu hakuhitaji kujua Kiswahili kuzisoma. Baada ya wiki mbili mtoto alihamishwa. Kundi la darasa la 7 huamua atasoma hesabu gani sekondari, kwa hiyo ulizeni mapema: mtoto hupangwaje, na anaweza kuhama lini? Na madaftari ya nyumbani msiyatupe.

Sheria ya Minnesota inawaruhusu kuomba nafasi katika wilaya ya shule msiyoishi. Maombi ya mwaka unaofuata wa masomo hutakiwa kufikia 15 Januari. Lakini basi la shule ndilo tatizo: shule mliyoichagua hailazimiki kumfuata mtoto hadi mlangoni kwenu. Mzazi humfikisha kwenye mpaka wa wilaya ile. Fikirieni Januari, giza na theluji, baba ametoka zamu ya usiku, gari ni moja. Ulizeni pia kama kuna basi la jioni kwa wanaobaki kwenye mpira au masomo ya ziada. Bila basi hilo, mtoto wa mfanyakazi wa zamu anarudi nyumbani mapema huku wenzake wakipata marafiki.

Mkienda kuuliza, dai mkalimani. Ni haki yenu bila malipo, na Mkongo anaweza kuomba wa Kiswahili hata kama shule italazimika kumpata kwa simu. Mtoto asitafsiri mambo yake mwenyewe. Kama ofisi itawauliza hali ya uhamiaji, hamna haja ya kujibu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iitwayo Plyler v. Doe, ya 1982, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hiyo. Chakula cha asubuhi na mchana ni bure kwa wote katika shule za umma tangu mwaka wa masomo wa 2023, ila fomu ya kipato mjaze tu, kwani shule hupata fedha kupitia fomu hiyo.

Nendeni na mtoto mwenyewe, siku ya masomo, na muombe kupita kantini wakati wa chakula. Mtazameni anavyoangalia meza zile. Bebeni uthibitisho wa anwani na kadi ya chanjo. Kwa darasa la 7 wataulizia Tdap (chanjo ya pepopunda, dondakoo na kifaduro) na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na kama hana, idara ya afya ya kaunti ndiyo mahali pa kuanzia.