Kabla ya kununua kamera, shughulikieni mwangwi

Kama nusu ya timu yenu inafanyia kazi nyumbani, msikimbilie kununua kamera ya bei mbaya kwa ajili ya chumba cha mikutano. Anzeni na sauti. Ofisi zetu nyingi zina vigae sakafuni, kuta tupu na madirisha makubwa ya vioo, kwa hiyo neno likitoka mdomoni linagonga huku na kule kabla ya kufika kwenye maikrofoni. Ninyi mliomo chumbani hamuoni tatizo, maana masikio mawili huchuja mwangwi. Aliyeko Mwanza anawasikia kama watu wanaoongea ndani ya pipa.

Pigeni kofi moja katikati ya chumba. Likiacha mlio, tandikeni zulia, tundikeni pazia zito (yale mepesi ya urembo hayasaidii kitu), na mweke kabati la vitabu kwenye ukuta mtupu. Maikrofoni ikae mezani karibu na watu, si juu ya runinga: umbali ukiongezeka maradufu, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi, ila mwangwi unabaki uleule.

Na pangaboi liende polepole wakati wa kikao. Najua, joto.