Jinsi ya kuhesabu siku zako na kupima mimba bila kuyumbishwa na maneno ya watu

Jamani hii habari ya "siku ya 14" imewaumiza watu wengi sana. Unakuta mdada mzunguko wake, yaani toka hedhi moja mpaka nyingine, ni wa siku 35, kaambiwa mimba inashika siku ya 14 toka hedhi ianze, basi yeye na mume wake wanaisubiri hiyohiyo kila mwezi, mwaka unaisha hamna kitu afu wanaanza kutafuta mchawi. Mwingine hataki mimba, anaikwepa 14 tu akijua yuko salama, mwezi unaofuata haoni siku zake. Wote wamehesabu kwa mwili wa mtu mwingine.

Fanya hivi. Chukua kalenda au simu yako, andika tarehe unayoanza kuona damu yenyewe, sio matone, hiyo ndo siku ya kwanza. Andika kwa miezi mitatu minne ujue mzunguko wako una siku ngapi, kwa mtu mzima kuanzia 21 mpaka 35 ni kawaida tu usitishike. Sasa sikiliza vizuri hapa, siku ya yai kutoka huihesabu kwenda mbele toka hedhi iliyopita, unahesabu kurudi nyuma kutoka hedhi inayokuja, kama siku 14 hivi, zinaweza kupungua au kuzidi kidogo. Tuseme umeanza hedhi tarehe 1 na mwezi una siku 31. Wa mzunguko wa siku 35 ataona tena tarehe 5 ya mwezi unaofuata, rudi nyuma siku 14 unapata tarehe 22. Wa siku 24 ataona tarehe 25, akirudi nyuma anapata tarehe 11. Umeona tofauti ilivyo kubwa?

Na siku za hatari sio moja. Yai likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu, ila mbegu za mwanaume zinaweza kukaa humo mpaka siku 5 zikilisubiri, kwa hiyo zote kwa pamoja ni kama siku 6, yaani siku ya yai na 5 za kabla yake. Huyo wa siku 24 hatari yake inaanza tarehe 6, pengine ndo kwanza damu inakata, ndo maana ile ya kusema ukiwa kwenye hedhi huwezi kushika mimba sio kweli kwa kila mtu. Kama unatafuta mtoto, kutana na mwenzio kila baada ya siku moja au mbili kwenye hicho kipindi, inatosha kabisa. Kunyanyua miguu ukutani hakuongezi kitu, na kwenda kukojoa hakutoi mbegu maana mkojo una njia yake.

Angalia na ute wa ukeni. Nawa mikono, chukua kidogo uweke kati ya kidole gumba na cha shahada, vitenganishe taratibu. Ukiwa mzito kama losheni au unakatika haraka bado, ukivutika kama uzi, unateleza, wa kuona ng'ambo kama ute wa yai bichi la kuku, basi yai liko karibu. Mi naamini ute kuliko kalenda peke yake, kwa sababu ugonjwa au msongo wa mawazo unaweza kusogeza yai na kalenda isijue. Kwa hiyo kama hutaki mimba usitegemee kuhesabu tu, tumia njia ya uzazi wa mpango. Na hizo njia za muda haziui kizazi, ila sindano ya miezi mitatu inaweza kuchelewesha mpaka mwaka hivi baada ya kuacha.

Ukianza tu kutafuta anza na vidonge vya foliki asidi, ni aina ya vitamini, maikrogramu 400 kila siku, usingoje mpaka mimba ionekane, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unajifunga mapema mno, wakati wengine hata hawajapima. Mwaka ukipita bila kitu nendeni hospitali, ukiwa umefika miaka 35 isizidi miezi 6. Nendeni WAWILI. Inaniuma sana mwanamke anavyozungushwa kwa waganga miaka na mwanaume hajapima mbegu hata siku moja, wakati karibu nusu ya hizi shida upande wa mwanaume nao unahusika.

Kupima. Sukari, chumvi, dawa ya meno, zote hizo povu tu, hazioni homoni ya mimba. Nunua kipimo cha mkojo, subiri hedhi ichelewe hata siku moja, tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, soma kwa dakika walizoandika kwenye paketi afu kitupe. Ukikiokota jioni ukakuta kamstari ka kijivu usikahesabu. Ila mstari hafifu wenye rangi ukitokea ndani ya muda ni majibu, rudia baada ya siku mbili tatu utauona umekolea.

Afu hili limevunja nyumba za watu. Mume amerudi safari wiki 4 zilizopita, karatasi ya ultrasaundi inasema mimba ya wiki 6, ugomvi unaanza hapohapo koridoni. Wiki za mimba zinahesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo kama wiki 2 za mwanzo hapakuwa na mimba yoyote. Sita kwenye karatasi ni kama nne za ukweli. Mwelezeni kabla hajafika huko.

Kutotapika sio dalili kwamba mimba haipo. Mimba ikitoka mapema mara nyingi ni hitilafu kwenye kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi wa wazazi, toka mwanzo, sio ndoo uliyobeba wala jicho la mtu, usijilaumu. Matone kidogo ya damu yanatokea kwa wengi na mimba ikaendelea, hata hivyo nenda ukaangaliwe. Ila maumivu makali ya tumbo upande mmoja, au bega linauma bila sababu, au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, hiyo inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi na inaua, usinywe dawa ya maumivu ukalala, nenda hospitali muda huohuo hata kama ni saa nane usiku.