Kuomba kibali cha utafiti Dar es Salaam: piga hesabu ya sampuli kwanza, barua ifuate

Barua yangu ya kwanza ya kibali ilitaja wilaya moja, wakati sampuli yangu ilikuwa na mitaa ya wilaya mbili. Kosa lilikuwa langu. Niliomba barua kabla sijakaa chini na kupiga hesabu, na kwenye fomu nikajaza "Temeke" kwa sababu ndiko nilikokuwa nakaa. Nilipovuka kwenda wilaya ya pili, mtendaji wa kata aliisoma barua mara mbili, akanirudishia kwa upole: "Mdogo wangu, hapa kwangu hujatajwa." Wiki tatu zikapotea nikirudi nyuma ngazi kwa ngazi.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii kwenye fomu. Unaanzia kwenye daftari lako, maana barua itabeba kile tu ulichokipanga: maeneo gani, watu wa aina gani, tarehe ipi hadi ipi. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mama lishe (wanawake wanaopika na kuuza chakula mtaani) na mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ambayo wanawake wana fungu la 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Swali ni kama waliopata mkopo huo hukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, kidogo kuliko wenzao.

Hatua ya kwanza: swali na kichwa cha habari

Kama utawahoji watu mara moja tu, usiandike "Athari za mikopo". Mama lishe aliyepata mkopo wa halmashauri huenda tangu mwanzo alikuwa na kikundi imara, anajua kusoma, anafahamiana na afisa maendeleo ya jamii. Hali yake nzuri inaweza kutoka huko, mkopo ukaonekana tu kama ndio uliomwinua. Andika "uhusiano kati ya" na utaokoa nusu saa ya mabishano siku ya kutetea pendekezo lako chuoni. Kisha taja kigeu tegemezi, yaani kile unachotaka kukieleza, kwa namna inayopimika: je, katika miezi 12 iliyopita alichukua mkopo wa kausha damu, ndiyo au hapana. "Ustawi wa kiuchumi" ni maneno mazuri, lakini huwezi kuyajaza kwenye safu moja ya jedwali.

Hatua ya pili: sampuli

Hapa tukae, maana ndipo kazi nyingi zinapooza.

Vyuoni kwetu fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli imegeuka kama sala. Idadi ya walengwa 5,000, kosa la asilimia 5, jibu 371, tunasonga mbele. Fomula hiyo haina ubaya, ila inajibu swali lingine: ni asilimia ngapi ya mama lishe wote wana jambo fulani. Wewe unataka kulinganisha makundi mawili. Ukiwachukua 371 ovyo kisha ukakuta 30 tu ndio waliopata mkopo wa halmashauri, huna cha kulinganisha.

Tuseme unatarajia nusu ya wasiopata mkopo wa halmashauri wamekopa kausha damu, na kwa waliopata iwe asilimia 35. Ili uione tofauti hiyo kwa kiwango cha kujiamini cha asilimia 95 na nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama kweli ipo), unahitaji watu 167 kila kundi. Hiyo ni kama unawachota mmoja mmoja kutoka jiji zima, na hutafanya hivyo. Utachagua mitaa, kisha watu ndani ya mtaa, na majirani hufanana: wanauza kwa wateja walewale na wanakopa kwa mtu yuleyule anayepita na daftari jioni. Kufanana huko kunakula sampuli. Kipimo cha kufanana huko (watakwimu hukiita ICC) kikiwa 0.05 na ukahoji watu 20 kila mtaa, unazidisha sampuli kwa 1.95, yaani 1 + 19 × 0.05. Ukihoji 10 kila mtaa, unazidisha kwa 1.45. Ndiyo maana ni heri mitaa mingi yenye watu wachache, japo nauli ya bajaji itakuuma.

Chukua 10. Ukizidisha 167 kwa 1.45 unapata 243 kila kundi. Wako watakaokataa au kuacha njiani; ukikadiria asilimia 10, gawanya kwa 0.9, usiongeze asilimia 10 juu, maana ukiongeza utabaki pungufu. Inakuja 270 kila kundi, jumla 540, yaani mitaa 54. Sasa unajua barua yako inatakiwa kufungua milango mingapi.

Orodha ya kuchotea nayo ni shughuli. Hakuna daftari la mama lishe wote. Waliopata mkopo utawapata kupitia orodha za vikundi kwa maafisa maendeleo ya jamii. Wasiopata itabidi uwaorodheshe mwenyewe: unapita mtaa uliochaguliwa, unahesabu kila jiko, unampa kila mmoja namba, kisha unachagua kwa namba za nasibu. Siku moja kwa mtaa inatosha. Usimwachie mwenyekiti wa mtaa akuchagulie. Atakuletea ndugu zake, tena kwa nia njema kabisa.

Hatua ya tatu: dodoso na majaribio

Liandike kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukiuliza "mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani?" atakuuliza kama umetumwa na TRA, watu wa kodi. Uliza jana alipika kilo ngapi za mchele, aliuza sahani ngapi, sahani moja bei gani. Hesabu ya mwezi utaifanya wewe. Jaribu dodoso kwa watu kama 30 kwenye mtaa ambao haumo kwenye sampuli, kisha rekebisha. Ukiliweka kwenye simu kwa programu ya KoboToolbox utaepuka kuingiza data upya usiku, na utaweza kulizuia lisikubali mama lishe mwenye umri wa miaka 340.

Hatua ya nne: maombi chuoni

Sasa ndiyo unaomba. Kwa kawaida maombi hupitia kwa msimamizi, mkuu wa idara, kisha ofisi inayosimamia masomo ya uzamili. Ambatanisha pendekezo lililosahihishwa baada ya utetezi, dodoso, fomu ya ridhaa na ratiba. Barua za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husainiwa kwa mamlaka ya Makamu Mkuu wa Chuo, na hutaja waraka wa Serikali wa mwaka 1980 uliompa uwezo huo kwa wafanyakazi na wanafunzi wake. Mwanafunzi wa kigeni ana njia yake kupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), pamoja na kibali cha ukaazi cha daraja C.

Kama utafiti wako unagusa afya, wagonjwa, damu au rekodi za hospitali, barua ya chuo peke yake haitoshi. Kuna kamati ya maadili ya chuo kama ile ya Muhimbili, na ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Anza huko miezi kadhaa mapema.

Kwenye fomu jaza mambo matatu kwa uangalifu wa fundi saa. Kwanza maeneo: taja wilaya zote. Mkoa una tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kumbuka tangu 2021 halmashauri ya Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo barua iende kwa Mkurugenzi wa Jiji; ukiandika "Manispaa ya Ilala" utaonekana umetoka mbali. Pili tarehe: omba muda mrefu kuliko unaoudhani. Kwa mfano wetu, mhoji mmoja akimaliza madodoso 6 kwa siku, 540 ni siku 90 za kazi. Ukiwa na wahoji wanne ni siku 23, bado kuorodhesha, mvua za masika na misiba. Tatu, majina ya wasaidizi wako yawemo, la sivyo utalazimika kuongozana na kila mmoja.

Hatua ya tano: kushuka ngazi

Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Pale utapewa barua ya kukutambulisha kwa Makatibu Tawala wa Wilaya au Wakurugenzi. Kutoka huko unashuka kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kama unahoji shuleni, katikati yupo afisa elimu. Vituo vya afya, mganga mkuu wa halmashauri. Kila mahali acha nakala moja, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Toa nakala nyingi mapema, steshenari za jirani na ofisi hizo zinajua bei yako ya dharura.

Mtaani utaulizwa pia kama umeripoti kwa mjumbe wa shina. Kiserikali hayumo kwenye ngazi hiyo, ujumbe wa shina ni cheo cha chama cha siasa. Msalimie tu. "Shikamoo mzee, nimepita hapo ofisini kwa mwenyekiti, nikaona si vizuri nisifike kwako" haikugharimu kitu, na mtu anayemfahamu kila mlango ni msaada mkubwa.

Hatua ya sita: kwenye jiko lenyewe

Usifike kati ya saa sita na saa nane mchana. Nenda saa tisa, sufuria zikiwa zinasuguliwa. Mwite mama au dada kama anavyoitwa na wateja wake, eleza umetoka chuo gani, kwamba wewe si wa halmashauri wala wa benki, na kwamba kukataa hakutamnyima mkopo. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Majina na namba za simu zikae faili tofauti na majibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na msahihishaji makini atakuuliza umeizingatia vipi.

Ukiona tarehe za barua zinakaribia kwisha na bado una mitaa, andika kuomba nyongeza angalau wiki mbili kabla, ukiambatanisha barua ya zamani na idadi ya madodoso uliyokwisha kusanya. Ikishapita, utaanza tena kule chuoni.