Ulizia siku za nyumbani kabla ya kusaini
Kijana unayeanza udereva wa malori hapa Dar es Salaam, ukishapata leseni ya daraja E usikimbilie safari za Lubumbashi, kule Kongo, kwa sababu tu posho yake ni nono, kwani foleni ya Tunduma, mpakani na Zambia, pekee yaweza kukushikilia siku kadhaa huku familia haijui ikutarajie lini. Ni heri uanze na mizigo ya kutoka bandarini kwenda Morogoro au Dodoma. Kabla ya kusaini mkataba, muulize msimamizi gari likirudi hukaa yadi siku ngapi, na uombe siku hizo ziandikwe, maana ahadi ya mdomo husahaulika mzigo mpya ukiingia. Fedha za matumizi ziache nyumbani kabla hujafika Vigwaza, kwenye mizani ya kupimia malori yanayotoka Dar.