Somo: Kuuza kiwanja cha Mtwara au Lindi ukiwa nje ya nchi

Wenye viwanja Mangamba, Naliendele au Mitwero ya Lindi, wakiwa Muscat au Pretoria, huanza kwa kumpigia dalali. Dalali analeta mnunuzi mwenye hela mkononi, ndipo inabainika jina kwenye ofa ni la marehemu baba, au kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka tisa. Mnunuzi hangoji. Tengeneza karatasi kwanza, dalali utampigia baadaye.

Hatua ya 1: Jua unauza nini

Mwenye hati miliki ana njia iliyonyooka. Mwenye barua ya toleo (ofa) tu akamilishe hati kwanza, maana mnunuzi makini, na hata benki inayomkopesha, watauliza kilichosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ukiwa na karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa pekee, bei yako itakuwa ya kiwanja ambacho hakijapimwa. Usimlaumu dalali kwa hilo.

Omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake, kwa hiyo kiwanja cha Lindi kinamalizwa Lindi. Upekuzi unaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki na zuio kama lipo. Chukua pia kumbukumbu namba ya kodi ya pango, ulipe deni lote, utunze risiti.

Kisha mtu aende kiwanjani na panga na jembe, atafute bikoni. Bikoni ni zege fupi lenye chuma katikati, na kwenye mchanga wetu huu hufukiwa haraka. Ua wa minyaa aliopanda jirani si mpaka. Mara nyingi umeingia ndani hatua tatu, nne. Apige picha kila bikoni na namba yake. Ikikosekana moja, lipia mpima aifufue sasa, kwa sababu mnunuzi akigundua mwenyewe atakukata bei kubwa kuliko gharama ya mpima.

Hatua ya 2: Hati ya uwakilishi

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Hati ya uwakilishi iliyoandikwa "namruhusu ndugu yangu kusimamia mali zangu zote" haifai kwa pande mbili: Msajili anaweza kuikataa kwa kukosa maelezo ya kiwanja, na ndugu anaweza kuitumia kwa mali usiyokusudia.

Iandike ya jambo moja. Iwe na majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba za NIDA, picha ndogo, namba ya kiwanja, kitalu, eneo na namba ya hati. Orodhesha kazi moja moja: kusaini mkataba wa mauziano, kusaini fomu za uhamisho, kufuatilia TRA na ofisi ya ardhi. Weka bei ya chini kabisa na tarehe ya mwisho. Halafu andika kwa maneno kamili kwamba mwakilishi haruhusiwi kupokea fedha za mauzo. Anayesaini asishike hela, hata akiwa kaka yako wa tumbo moja. Kumwekea mtu milioni 30 mfukoni wakati ana ada za watoto ni kumtafutia lawama.

Saini mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania, au mbele ya mthibitishaji wa huko kisha upitishe ubalozini. Tuma nakala halisi kwa kampuni ya vifurushi. Picha ya WhatsApp haisajiliwi. Ikifika nyumbani, hati hulipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili. Isiposajiliwa, uhamisho uliosainiwa na mwakilishi hausajiliwi.

Herufi nazo ni ugonjwa wa kwetu: hati inasema Bakari, pasi inasema Bakary. Tengeneza kiapo cha majina kabla hujaulizwa.

Hatua ya 3: Bei

Taja bei kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutaja au kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mthamini aliyesajiliwa aandae ripoti, ambayo huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi hakusaidii, kwani TRA wataangalia thamani iliyoidhinishwa.

Kuhusu wakati: tangaza minada ya korosho inapoanza, kuanzia Oktoba. Masika kila mtu anakuambia "nakutafuta".

Hatua ya 4: Mkataba na malipo

Wakili wako asiwe wakili wa mnunuzi. Mkataba utaje malipo ya awali, siku ya kumalizia, nani analipa kodi gani, na itakuwaje mmoja akijitoa. Malipo yote yaingie kwenye akaunti yenye jina lako; benki kadhaa zina akaunti za diaspora zinazofunguliwa ukiwa huko huko. Hati halisi ibaki kwa wakili mpaka benki ithibitishe salio. Ujumbe wa simu kwamba hela imeingia si uthibitisho.

Hatua ya 5: Kodi na uhamisho

Fomu za ardhi ni tatu: namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya maombi ya kibali na namba 35 ya uhamisho wenyewe. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi.

Kodi ya faida ya mauzo ni yako muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, na kiwango cha juu zaidi kwa asiye mkaazi. Mfano: ulinunua kwa milioni 4, ukajenga msingi na ukuta kwa milioni 5 zenye risiti, unauza milioni 25. Faida ni milioni 16. Mkaazi analipa milioni 1.6, asiye mkaazi zaidi ya hapo. Bila risiti za zile milioni 5, faida ya asiye mkaazi inahesabiwa milioni 21. Mkaazi asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Asiye mkaazi hana mlango huo.

Ukaazi wa kodi si uraia. Mwenye makazi ya kudumu Tanzania aliyefika nchini siku yoyote ndani ya mwaka ule huhesabiwa mkaazi. Kwa hiyo safari ya Idi, ikiwa imegongwa mhuri kwenye pasi, inaweza kuwa na thamani kuliko tiketi yake. Mwoneshe wakili mhuri huo kabla TRA hawajafanya makadirio.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nina shamba la mikorosho kijijini Tandahimba, halina hati. Utaratibu ni huu huu?

Marahaba. Hapana. Ardhi ya kijiji inahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, na mauziano bila idhini hiyo huvunjwa mahakamani. Uliza pia mikorosho ipo mikononi mwa nani. Kwetu mtu hukodisha au huweka rehani miti bila ardhi, na ndugu aliyebaki huenda ameshachukua hela za misimu miwili ijayo. Hesabu miti, andika idadi, na aliyekodi asaini kwamba anajua shamba linauzwa.

Mtaani wanadai asilimia 10 ya bei ndiyo wagonge mhuri.

Asilimia hiyo haimo kwenye Sheria ya Ardhi. Waombe kwa upole waoneshe sheria ndogo ya halmashauri na watoe kumbukumbu namba. Kiwanja chenye hati kinahamishwa ofisi ya ardhi, si mtaani.

Nyumba ya Chikongola ni ya mama, ametangulia mbele ya haki. Alikuwa amenipa hati ya uwakilishi. Mjomba anasema ni ya ukoo.

Pole dada. Hati ile ilikufa siku aliyofariki. Ukiitumia ni kosa. Fungua mirathi, msimamizi ateuliwe na mahakama, yeye ndiye asaini. Mjomba aitwe kwenye kikao cha familia tangu mwanzo, hasa kama ukoo wenu unafuata upande wa mama. Mjomba aliyerukwa ndiye anayeweka zuio.

Mke wangu niko naye hapa Doha. Naye anatakiwa?

Kama ni nyumba ya ndoa, ndiyo. Asaini ridhaa siku ile ile mnayokwenda ubalozini, msifanye safari mbili.

Nimechukua uraia wa Uingereza, kiwanja cha Shangani kipo kwa jina langu.

Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, na Sheria ya Ardhi inambana asiye raia. Usisaini kwa NIDA ya zamani. Hiyo ni taarifa ya uongo na itamwangukia hata mnunuzi. Mweleze wakili hali halisi kabla kiwanja hakijatangazwa, na chukua ushauri wake kwa maandishi.

Hela ikishaingia, naitoaje kuja huku?

Benki itataka mkataba, risiti ya kodi ya TRA na nakala ya uhamisho. Vipeleke vyote vitatu kwa pamoja.