Kabla Hujajenga Stendi ya Kujaribia Injini za Roketi Dar es Salaam

Stendi ya kujaribia ni fremu inayoshika injini ndogo ya roketi isiruke, huku msukumo wake ukipimwa. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea, wakarudi na fremu nzito ya chuma, ndipo wanaulizana itawekwa wapi. Anza na mahali. Wakazi wa Dar wanaijua milipuko. Maghala ya silaha za jeshi yalilipuka Mbagala Aprili 2009, kisha Gongo la Mboto Februari 2011, na watu walikufa. Ukitoa mlio na moshi uani kwako Sinza, jirani hatauliza kama ni sayansi; atabeba watoto na kukimbia, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo ua wa nyumbani ufute kabisa, hata kama ukuta ni mrefu. Tafuta eneo la wazi mbali na makazi, mwenye eneo akubali kwa maandishi, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa pamoja na kituo cha polisi wajue mapema.

Injini nazo zina taratibu zake. Fueli ya roketi inaungua kwa kasi, hivyo uliza Tume ya Madini, inayosimamia mambo ya baruti, kabla ya kuagiza chochote. Kwenye begi la ndege haipandi, na kwenye daladala usiipandishe. Ninazungumzia injini za kiwandani tu. Anayetaka kupika fueli mwenyewe chumbani hana haja ya stendi, ana haja ya kushauriwa aache.

Soma maandishi ya injini kabla ya kununua kihisi, yaani kipande kinachopima msukumo. Ikiandikwa C6-5, herufi C ina maana kwamba jumla ya msukumo, yaani msukumo ukizidishwa kwa muda wa kuwaka, ni kati ya niutoni-sekunde 5 na 10, 6 ni wastani wa msukumo kwa niutoni, na 5 ni sekunde za kuchelewa kabla ya chaji ya kufungua parachuti. Kila herufi inayofuata huongeza kikomo mara mbili, kwa hiyo G inafika 160. Wastani usikudanganye: injini ikiwaka tu, msukumo hupanda juu mno kwa kitambo kifupi. Chukua kihisi chenye uwezo angalau mara mbili ya kilele hicho, lakini usizidishe sana, maana kihisi cha kilo 50 hakitakueleza mengi kuhusu injini inayosukuma kwa nguvu ya kilo moja na nusu.

Kihisi chenyewe ni kipande cha aluminiamu kama kilichomo ndani ya mizani ya kidijitali. Kikijipinda kidogo, ukinzani wa umeme hubadilika, na kadi ndogo ya HX711 huugeuza kuwa namba. Hapa ndipo wengi hupoteza jaribio zima bila kujua. Kadi hiyo mara nyingi huja imepangwa kusoma mara 10 kwa sekunde. Injini inayowaka sekunde mbili itakupa nukta 20, na kilele kinaweza kupita katikati ya nukta mbili kisionekane. Ibadilishe isome mara 80 kabla hujaifunga kwenye kasha.

Mimi napendelea injini isimame wima, mdomo juu, ikisukuma chini kwenye kihisi. Stendi inakandamizwa ardhini badala ya kung'oka. Ubaya wake ni kwamba injini inapungua uzito inavyoungua, kwa hiyo ukianzia sifuri utaishia chini ya sifuri. Usishtuke: tofauti hiyo inapaswa kukaribia uzito wa fueli iliyoteketea, na isipokaribia, kihisi chako kina walakini.

Kupima usahihi hakuhitaji maabara. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo 10 ni takriban niutoni 98. Panga madumu, ukihesabu na uzito wa dumu lenyewe, uone kama namba za kihisi zinapanda sawasawa na uzito. Fanya hivyo palepale uwanjani, si jana yake, kwa sababu jua la saa saba mchana linatosha kuhamisha sifuri. Mimi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo wa baharini haujakaza. Chumvi ya hewa nayo itakula skrubu na viungio, kwa hiyo vipake grisi.

Chama cha roketi cha Marekani, NAR, hutaka watu wakae umbali wa mita 4.5 kwa injini hadi daraja D na mita 9 kwa zilizozidi. Hizo ni za kurusha. Kwa stendi mimi naziona chache: injini ikipasuka, vyuma vyako ndivyo vinavyoruka. Ongeza umbali mara kadhaa, jifiche nyuma ya viroba vya mchanga, simu ndiyo iangalie. Nyasi zifyekwe, maji yawe karibu.

Kiwashio kiwe cha umeme, chenye ufunguo unaong'oka, na ufunguo akae nao yule anayekwenda kufunga nyaya. Ukibonyeza isiwake, ng'oa ufunguo, subiri sekunde 60 kamili, kisha aende mtu mmoja tu.